Toa Chombo

Kazi yangu ni kutoa.
Robota la katani likipanda mizani, hapa Pongwe,
nasoma namba, natoa toroli, natoa waya wa kufungia,
natoa umande kama lililala nje.
Kinachobaki nakiandika kwa wino, natia sahihi.
Miaka kumi na tisa sijapunja shamba, sijapunja mtu.

Kwa Hozza mambo ni kinyume.

Banda lake liko Gofu, nyuma ya wachomelea mageti.
Ndani, mbavu za mbao ameziunga kwa gundi,
moja moja, masika matatu.
Yeye anaiita eropleni. Majirani wanaiita kabati.

Injini aliipata kwa mvunja magari wa Chumbageni,
imetoka kwenye gari la Kijapani lililopigwa ubavu.
Haina pistoni. Alipoifungua nilicheka:
sambusa mbili za chuma, mashavu yamevimba,
zinazunguka ndani ya chungu chenye kiuno.
"Ndogo," akasema, "ila ina hasira."
Akanionyesha karatasi: kilo themanini na nne.

Themanini na nne ya nani, nikamuuliza.
Hakuna apimaye bi harusi akiwa bafuni.
Anakuja na masanduku, na somo,
na shangazi ambaye hakuhesabiwa kwenye nauli.

Jumapili tukaazima mizani ya ghala,
kwa ruhusa ya nusu mdomo.
Yenyewe, kavu, ikasoma tisini na mbili.
Mgaza, mwanafunzi wake, akaipuliza vumbi
kana kwamba vumbi ndilo kilo nane.

Gia ikapanda, maana sambusa hukimbia
kuliko propela inavyostahimili: kumi na sita.
Ekzosi Hozza aliiandikia nne.
Lakini pumzi ya injini hii ni moto mtupu,
bomba jembamba litatoboka kabla ya Muheza.
La nene ni kumi na moja.
Rejeta akaileta tupu.
Nikasema, jaza.
Akanitazama. Nikasema, jaza, na mipira yake,
na oili, mpaka ile inayobaki kwenye kona.
Huendi angani na rejeta tupu.

Nati, klipu, nyaya, vibati vya kukinga joto:
kimoja kimoja, mshale haukujisumbua.
Nikavitia vyote kwenye gunia. Tano.
Haba na haba, na kibaba kikajaa tukikitazama.

Jumla mia moja sabini na tano.
Mchoro uliruhusu mia na ishirini na moja.

Sasa niseme la kwangu.
Kiti cha nyuma ni changu.
Aliniahidi siku mbavu ya kwanza ilipokauka:
nitaiona mistari ya mkonge kwa jicho la kozi,
mashamba yote niliyoyajua kwa uzito tu.
Wao walipokwenda kunywa maji, nikapanda mizani.
Na viatu, sitini na moja.
Ziada ya injini, hamsini na nne.
Hesabu hiyo haihitaji karani.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Angeamini chochote nilichoandika.
Maji husahaulika, wangapi wameyasahau,
na gunia lile ningeweza kulikalia.
Lakini bawa halisomi daftari.

Nikaandika mia moja sabini na tano. Nikatia sahihi.

Hozza alisoma, akasoma tena.
"Na pua italala," akasema. "Betri ihamie mkiani."
Kisha, "Labda rejeta moja."
Itachemka, nikamwambia.
"Labda nikonde."
Mgaza akacheka peke yake, akaacha.

Hakuna aliyekitaja kiti.
Kijana alikwenda tu kuchukua spana namba kumi,
akainama, bolti nne, ya mwisho ilikuwa na kutu.
Alitaka kukisukumia pembeni, kwenye mabaki ya mbao.
Nikamwambia, kilete kwanza hapa.

Kilo sita na robo.
Nikatoa.